Watoto: Hakuna

Kasoli, Bariadi
14 Septemba 1997

Mpendwa Milembe,

"Mwanamke hawezi kusomea utabibu na kulea mtoto mchanga kwa wakati mmoja. Ataharibu vyote viwili, na aibu itabaki kwenye ukoo." Maneno hayo ni ya kaka yangu Mahona, baba yako mkubwa. Aliyasema Jumapili iliyopita kwenye harusi ya mjukuu wake, mdomo umejaa nyama ya ng'ombe ambaye yeye hakumchunga hata siku moja. Namjibu hapa kwa maandishi kwa sababu pale alinikatiza mara tatu.

Marehemu mama yako alipalilia ekari sita za pamba wewe ukiwa mgongoni. Hakuna mwanaume wa ukoo huu aliyemwambia achague jembe au mtoto. Jembe na mtoto vinapatana vizuri sana. Kalamu na mtoto ndivyo vinavyogombana. Kwa nini? Kwa sababu jembe la mwanamke lilimnunulia Mahona baiskeli, na kalamu ya mwanamke haijamnunulia kitu. Nilimwambia hivyo mbele ya wakwe. Akasema, "Mwalimu, hapa si darasani." Nikamwambia ndiyo maana hajaelewa.

Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu. Utanisamehe, ndivyo ulivyonizoea tangu nilipoanza kukulea. Mwadila, mwanangu. Hapa wote wazima. Mvua bado, jua ni kali, shule ina madawati tisa kwa watoto themanini. Wanunuzi wa pamba mwaka huu wamekuja wa kampuni tatu, kila mmoja na mizani yake, na ghala la chama cha ushirika limefungwa kufuli lenye kutu. Watu wanasema huo ndio uhuru wa biashara. Mimi nasema ni uhuru wa mizani.

Mwanao Minza ana mwaka mmoja na miezi mitano sasa. Kilio cha kuachishwa ziwa kimekwisha. Anakula matobolwa ya viazi kama mzee asiye na wasiwasi, na anatembea mpaka kwa jirani yetu Felisita kudai uji. Ananiita mayu. Namwambia, "Mayu yuko Iringa, mimi ni bibi." Anaitika vizuri, kisha ananiita mayu.

Sasa swali. Je, chuoni umewaeleza kwamba una mtoto? Nauliza ili nijue kama watakupa nafasi ya kuja Desemba. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Shangazi yako,
Eufrasia


Iringa
12 Oktoba 1997

Kwako Sengi,

Shikamoo, shangazi yangu. Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu na nimeisoma mara nyingi, hasa pale pa Baba Mahona na wakwe. Msalimie Mama Felisita. Huku ni baridi, nimeazima sweta kwa mwenzangu Zamda wa Tanga, ambaye analalamika kuhusu baridi kwa niaba ya bweni zima. Tuko wanafunzi thelathini na wanane, wanawake kumi na mmoja.

Masomo ni mengi. Ile miaka mitano niliyokaa zahanati nikiwa mganga msaidizi inanisaidia, maana mikono yangu inajua kazi hata kichwa kinapochelewa. Wiki iliyopita wodini aliletwa mtoto wa degedege, siku ya tatu tangu homa ianze. Mama yake alikuwa ameogopa sindano, akamfukiza kwanza. Mimi ndiye niliyepewa kuchukua maelezo yake. Nilimwuliza kwa sauti, "Siku tatu ulikuwa unangoja nini?" Aliinamisha kichwa, akaanza kuvuta uzi wa khanga. Mwalimu aliwaambia wenzangu kwamba hivyo ndivyo mtu anavyouliza maswali bila kuzungukazunguka. Nikafurahi, Sengi. Nikasema moyoni, haya ndiyo uliyonifundisha.

Hakikisha Minza anapelekwa kliniki kila mwezi, na kadi yake usiiweke karibu na moshi. Niletee picha yake.

Desemba sina hakika. Ratiba haijatoka.

Mwanao,
Milembe


Kasoli
23 Novemba 1997

Mpendwa Milembe,

Mwadila. Mvua imeanza na haionyeshi dalili ya kukoma. Mto umepita juu ya daraja la miti, na shule tumefunga siku mbili. Redio inasema ni Elnino. Mahona anasema ni dhambi. Felisita anasema ni maji. Nakubaliana na Felisita.

Picha hiyo hapo. Nilimpeleka Minza Bariadi mjini kwa Jabiri, yule mwenye duka la vitenge na kamera. Jabiri alimwambia acheke. Minza akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayekuuzia kitu kibovu. Ndiyo sura uliyoletewa.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nililouliza. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtoto akiruka swali la kwanza najua kwa nini. Lakini naliacha kwa leo.

Kuhusu yule mama wa wodini, ulifanya sawa. Huku nako mbu wamezaliwa upya na degedege imeanza. Kuna bibi kizee anatoka Mwanhuzi kila wiki na gunia la mavi makavu ya tembo, anauza ya kufukizia watoto. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema: tembo hakusomea utabibu, kwa nini mnamwamini kwa upande wake wa nyuma? Walicheka mpaka mwenyekiti akafunika uso. Kasmiri, baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, mtoto wake mdogo alikuwa mgonjwa siku ileile, na wakwe zake walikuwa wamekataza asichomwe sindano. Nilimfuata mpaka kwake. Tulibishana saa nzima. Nilimshinda, akampeleka.

Hayo ndiyo ya huku. Vaa sweta.

Shangazi yako,
Eufrasia


SIMU YA MAANDISHI
Posta Bariadi, 9 Januari 1998

MINZA MGONJWA SANA DEGEDEGE YUKO HOSPITALI NJOO UPESI
EUFRASIA


Iringa
20 Januari 1998

Kwako Sengi,

Shikamoo. Simu niliipata tarehe kumi na mbili. Sikuweza kuja. Reli imesombwa na maji, treni haziendi Malampaka, na sikupata njia nyingine.

Tafadhali niandikie yafuatayo. Homa ilianza siku gani. Alikaza mwili mara ngapi, na kila mara kwa muda gani. Walimwanzishia dripu ya kwinini siku gani. Alizinduka baada ya siku ngapi. Je, anatumia mikono yote miwili.

Kama hayupo, niandikie hivyo hivyo.

Milembe


Kasoli
15 Februari 1998

Mpendwa Milembe,

Yupo. Naanza na hilo kwa sababu najua ulifungua bahasha ukiwa umesimama.

Alirudi nyumbani tarehe ishirini na nne Januari. Anakula. Anasema maneno aliyokuwa akiyasema, ila kwa taratibu, kama anayeyaokota chini. Mkono wa kulia ni dhaifu na mguu wa kulia unaburuta. Daktari anasema kwa mtoto wa umri huo mara nyingi unarudi, tumfanyishe mazoezi. Nanakili kutoka kwenye kadi ya hospitali kama ulivyotaka: homa, Jumatatu tarehe 5. Kulazwa na dripu, Alhamisi tarehe 8. Kuzinduka, Jumapili tarehe 11.

Sasa niseme langu. Salu, mtoto wa Mahona, anaendesha lori la mahindi. Aliondoka Iringa tarehe kumi na tatu, siku moja baada ya wewe kupata simu. Akapita Dodoma, Singida, Shinyanga. Alikwama Singida siku mbili, akafika Bariadi tarehe kumi na nane, ana matope mpaka kwenye nyusi. Anasema mabasi yalikuwa yakipita, kwa shida, lakini yalikuwa yakipita. Reli ilikatika, ni kweli. Barabara je?

Sikulaumu. Nauliza. Mtoto alilala siku tatu bila kujitambua na mimi niliwaambia manesi, "Mama yake yuko njiani." Nililisema hilo kila walipobadilishana zamu, mpaka nesi mmoja akaacha kuniuliza.

Eufrasia


Iringa
22 Machi 1998

Kwako Sengi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana kwa sababu zilikuwa na sababu nyingi.

Siku ya kwanza chuoni tulipewa fomu. Jina, dini, mkoa, hali ya ndoa. Nikaandika "sijaolewa." Mstari uliofuata ulisema "idadi ya watoto." Mbele yangu alikuwapo Elia, mwanafunzi wa Maswa, akaandika "watatu" huku anapiga mluzi. Mimi nikamkumbuka baba wa Minza, yule mnunuzi wa pamba aliyekuja Kasoli na mizani akaondoka na mizani. Nikaona watakavyoisoma mistari hiyo miwili pamoja. Nikaandika "hakuna."

Hakuna aliyenilazimisha, Sengi. Chuo hakina sheria ya kukataa wenye watoto. Niliuliza baadaye. Woga nilikuja nao mwenyewe, kwenye begi, pamoja na nguo.

Wiki ya kwanza maziwa yalinitoka darasani. Tulikuwa tunafundishwa mifupa ya mkono. Nikakumbatia daftari mpaka kipindi kikaisha, na jioni nikajifunga khanga kifuani kwa nguvu ili yakauke. Zamda aliniuliza kwa nini nalala nimejifunga hivyo. Nikasema baridi.

Picha ya Minza niliibandika ndani ya mlango wa kabati. Wakaniuliza ni nani. Nikasema, mtoto wa dada yangu. Unajua kwamba sina dada.

Simu yako ilipofika nilikwenda kwa Bi Rehana, mlezi wa bweni letu. Aliisoma akaiweka mezani.

"Minza ni nani kwako?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Mama yake yupo hai?"

"Yupo."

"Yuko naye hospitalini?"

Nilitazama ile simu mezani. Halafu nikasema, "Yuko njiani."

"Basi mwachie mama yake. Mtihani wenu unaanza Jumatatu ijayo. Nikimpa ruhusa kila mama mdogo, bweni litabaki na vitanda." Akanitazama, si kwa ubaya. "Pole, binti. Lakini angekuwa wako, hungekuwa umesimama hapa kuniomba. Ungekuwa stendi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa wazi na watu wawili walikuwa nje wanasubiri, nikaogopa watasikia. Hiyo ndiyo sababu. Mwanangu alikuwa amekaza mwili, mimi nikaogopa watu wawili walioshika ndoo.

Mwezi Novemba mtoto wa Elia aliungua na uji. Elia alipewa siku saba, na nauli wenzetu tukamchangia. Nami nilichanga.

Mtihani niliufanya. Kulikuwa na swali la malaria kali kwa watoto. Nilipata alama za juu kuliko wote. Karatasi ile nimeitupa chooni.

Sasa nawe nijibu, maana nimesoma kadi uliyoinakili. Homa Jumatatu. Dripu Alhamisi. Kutoka Kasoli mpaka hospitali ni mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Hizo siku tatu mlikuwa wapi?

Milembe


Kasoli
19 Aprili 1998

Mpendwa Milembe,

Nilifikiri hutahesabu siku. Nilipokuwa naandika tarehe zile nilitaka kuandika dripu ilianza Jumanne. Kalamu ikakataa, nikaacha tarehe ya kweli, labda itapita bila wewe kuiona.

Nilikuwa nyumbani. Siku zote tatu nilikuwa nyumbani na mtoto wako mapajani.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi Novemba. Nilikuambia nilimshinda Kasmiri akampeleka mtoto wake hospitali. Sikukuambia kwamba mtoto alichomwa sindano saa nne asubuhi na saa saba akafa. Alikuwa siku ya nne ya homa. Alifika akiwa amekwisha. Najua hivyo. Daktari alituambia hivyo. Lakini kwenye matanga nilikaa mkekani, na kila mwanamke aliyekuja akakaa mahali pengine. Hakuna aliyenitukana. Mama wa mtoto alinipa maji ya kunawa kama wengine, akasema, "Karibu, mwalimu." Tangu siku ile neno mwalimu linaniwasha.

Minza aliposhikwa na homa Jumatatu, nilimpa klorokwini ya duka. Jumanne jioni akakaza mwili, macho yakageuka. Felisita akaja mbio. "Mwalimu, usimpeleke kwa sindano. Umeona ya Kasmiri." Nikafungua mdomo nimjibu kama nilivyowajibu watu miaka ishirini na sita. Majibu yote nilikuwa nayo. Nimeyasoma, nimeyafundisha, nimeyaandika magazetini kwa jina langu kamili. Halikutoka hata moja. Nikamwambia, "Yule bibi wa Mwanhuzi bado yupo sokoni?"

Felisita alinitazama kwanza kuhakikisha kama natania.

Ndivyo ilivyokuwa, Milembe. Nilimfunika mwanao kwa blanketi juu ya chungu cha moshi wa mavi ya tembo, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Alikohoa, kisha akatulia, nikasema amepata nafuu. Jumatano akakaza tena mara mbili. Nikamfukiza tena. Nilifunga mlango ili wanafunzi wangu wanaopita wasisikie harufu. Tazama nilichokuwa nakiogopa.

Alhamisi asubuhi Mahona alikuja kuazima kamba. Alisimama mlangoni akanusa. Unajua ninavyomdharau, nimemwita mjinga mbele ya wakwe zake. Aliingia akafunua blanketi.

"Eufrasia, huyu mtoto ana siku ngapi hivi?"

"Tatu."

"Na wewe ndiye uliyesoma?"

Hakusubiri jibu. Alimfunga Minza mgongoni kwa shuka lake, mgongo wa mzee wa miaka sitini na tatu, akapanda baiskeli kwenye matope. Mimi nilimfuata kwa miguu. Nilipofika, dripu ilikuwa imeshaanza na Mahona alikuwa amekaa sakafuni, miguu imejaa tope mpaka magotini, ananong'ona rozari. Hajamwambia mtu yeyote mpaka leo. Ningefurahi angenitangaza. Anakuja, anamletea Minza maziwa ya mgando, ananisalimu, anaondoka. Siwezi hata kugombana naye tena, na sikujua kwamba nilikuwa na hamu hiyo.

Mguu unaburuta kwa sababu yangu. Usiniambie ni malaria. Najua ni malaria. Nakuambia siku tatu.

Ukitaka mtoto akalelewe kwingine, sema, nitampeleka mwenyewe.

Eufrasia


Iringa
17 Mei 1998

Kwako Sengi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa wodini, na niliona haya kuliko hasira. Hasira ilikuja jioni, ikakaa siku mbili. Nilitembea na wewe kichwani nikikuuliza kwa sauti ileile niliyomwulizia yule mama wa Oktoba, siku tatu ulikuwa unangoja nini. Siku ya tatu nikajiuliza mimi. Wewe siku tatu. Mimi tangu Agosti.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Bi Rehana. Watu walikuwa mlangoni, wanne safari hii. Nikasema, "Yule mtoto wa ile simu ya Januari ni wangu. Nimemzaa mimi. Sina dada."

Alivua miwani. Nikasikia hata wale wa mlangoni wameacha kuzungumza. Kisha akasema, "Nilikupa mtihani badala ya ruhusa."

"Ulinipa nilichokuomba."

Akafungua kabati, akatoa faili langu, akanipa kalamu. "Kata kwa mstari mmoja. Usichafue. Weka sahihi pembeni na tarehe ya leo." Nikakata neno "hakuna," nikaandika "mmoja." Halafu akauliza, "Jina lake kamili nani?" Nikamwambia, Minza tu. Tangu nije Iringa ni mtu wa kwanza kuniuliza jina lake nikajibu kama mama.

Nimepewa barua ya onyo kwa kutoa taarifa za uongo. Imewekwa kwenye faili na itakaa humo mpaka nimalize. Mkuu wa chuo alitaka nipoteze na nafasi ya kukaa bwenini, Bi Rehana akakataa. Wavulana wawili darasani sasa wananiita Mama Pamba, kwa kuwa niliulizwa baba wa mtoto nikasema, na habari za mnunuzi zimeshasambaa. Elia aliwaambia wanyamaze. Hawakunyamaza.

Jioni Zamda alikuja akakaa kwenye kitanda changu akatoa picha kwenye kitabu chake cha dawa. Watoto wawili, mmoja amepoteza meno ya mbele. Wako Tanga kwa mama yake. Kwenye fomu aliandika kama mimi. Anasema wapo na wengine wawili, anawajua, hakuwataja. Wanawake wanne kati ya kumi na mmoja, tumelala chumba kimoja miezi tisa, kila mmoja amejifunga khanga yake. Nilimwambia aende ofisini. Akasema, "Wewe una onyo na jina la Mama Pamba. Mimi nina mume ambaye hajui kama nilikana watoto wake. Acha nimalize kwanza."

Nikamrudishia picha yake. Wewe ungekuwa na la kumjibu.

Minza abaki kwako. Sina haki ya kukunyang'anya kwa kosa ambalo ningelizuia kama ningekuja. Nimepewa siku kumi kuanzia tarehe ishirini na sita Juni, mbali na siku za safari. Mwambie nakuja. Usimwambie kwamba mimi ni nani. Nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Milembe


Kasoli
12 Julai 1998

Mpendwa Milembe,

Mwadila. Salu anasema alikufikisha Shinyanga salama na kwamba hukuzungumza mpaka Maswa. Hapa wote wazima. Pamba imeanza kununuliwa. Mahona ameuza gunia saba na amenunua betri za redio, anatusumbua wote kwa taarifa ya habari.

Nakuandikia yale usiyoyaona baada ya kuondoka. Siku sita za kwanza Minza alikukimbia, unazijua. Alikuita daktari kwa sababu ulimshika mguu, na aliwaficha wanasesere wake wa magunzi usije ukawachoma sindano. Nilikuona siku ya nne umekaa nyuma ya jiko, nikajifanya sikuona. Siku ya saba alikuletea kiatu umvalishe. Siku tatu zilizobaki hamkuachana, kisha ukaondoka. Usidhani amezoea. Juzi alikwenda mpaka barabarani, mguu unaburuta, akakaa. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema, "Mayu." Nikamwambia, "Mimi hapa." Akanitazama kama alivyomtazama Jabiri, akasema, "Yule."

Nililia, lakini si kwa wivu, au si kwa wivu peke yake.

Jumatano iliyopita nilikwenda kliniki ya watoto, nikaomba ruhusa ya nesi, nikasimama mbele ya akina mama wenye kadi mikononi. Niliwaeleza siku zangu tatu, moja baada ya nyingine, mpaka chungu na blanketi. Hakuna aliyecheka safari hii. Mama wa yule mtoto wa Kasmiri alikuwepo, ana mimba nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa. Nilikaa.

Sasa barua hii usiisome peke yako. Kaa na Zamda, mwasomee na wale wawili, na kama wanaona haya kujitokeza, waiweke chini ya mito yao kwa zamu. Kuanzia hapa ninazungumza nao.

Zamda, na ninyi wawili ambao sijui majina yenu. Mimi ni mwanamke niliyefunga mlango ili wapita njia wasisikie harufu, na mtoto akalipa. Sizungumzi nikiwa juu yenu. Msiniambie kwamba mtasema mkishamaliza. Mkishamaliza mtapangiwa wilaya, na huko kuna fomu nyingine. Msiniambie kwamba mnawalinda watoto; mtoto halindwi kwa kufutwa. Msiniambie kuna waume na wakwe na wavulana wa kuita watu majina. Wapo, na wataongea, na baadhi yao hawatanyamaza mpaka mzeeke. Lakini simu ikifika kesho kutoka Tanga au kwingine, mtasimama mbele ya meza ile mkiwa mama wadogo wa watoto wenu, na mtaambiwa mrudi darasani.

Milembe ameandika "mmoja." Sikuridhika naye pia, na hili ni lake kama ni lenu. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nendeni kwa Bi Rehana wote wanne pamoja. Asiende mmoja mmoja. Ombeni mafaili yenu, kateni lile neno kwa mstari mmoja, na badala ya idadi andikeni majina ya watoto wenu, yote, na umri wao. Nafasi kwenye fomu ikiwa ndogo, andikeni pembeni.

Eufrasia